Herufi Mbili kwenye Kalamu ya Kuka

Baba mkubwa alinipigia simu Jumanne usiku, na kama kawaida yake hakuanza na salamu.

"Wewe si ndiye mtu wa kuandika? Kuna kalamu ya mzee hapa, haiandiki. Nakutumia na gari ya kesho. Itengeneze kabla ya tarehe kumi na tisa."

Kwetu, kijana aliyeacha chuo kikuu mwaka wa tatu na sasa anaandikia watu makala mtandaoni kwa malipo ya kubahatisha, huitwa "mtu wa kuandika" pale tu panapotokea kazi ya bure. Nilikubali. Kesho yake jioni nikaenda stejini kuchukua bahasha, na ndani yake mlikuwa na kalamu moja iliyoviringwa kwa karatasi ya choo.

Kalamu hiyo kila mtu wa ukoo wetu anaijua. Ni Parker. Nusu ya juu ni chuma, nusu ya chini ni plastiki nyeusi, na kishikizo chake cha mfukoni kina umbo la mshale. Kuka, yaani babu kwa Kiluhya, aliivaa kwenye mfuko wa shati kila alipotoka nyumbani, hata kama anaenda tu kuangalia ng'ombe. Alipofariki mwaka 2012, wasifu wake ulisomwa mbele ya waombolezaji, na kuna sentensi moja iliyofanya watu watikise vichwa kwa fahari. Ilisema kwamba mwaka 1964, familia yetu ilipopewa shamba Lugari chini ya mpango wa ekari milioni moja, Kuka alitoa kalamu yake ya Parker mbele ya ofisa mzungu akatia saini kwa mkono wake, huku wenzake wakipakwa wino kwenye kidole gumba.

Mimi nimekua na sentensi hiyo. Nilipojiunga na chuo nilisimuliwa tena. Nilipoacha chuo nilisimuliwa tena, kwa sauti nyingine.

Sasa ilikuwa na kazi mpya. Jirani yetu analima ekari moja ambayo baba yake alidai kuuziwa na Kuka mwaka 1971. Anayo karatasi ya makubaliano, imeandikwa kwa mkono, na mashahidi wawili ambao wote wameshakufa. Hawakuwahi kwenda bodi ya ardhi kuomba kibali, kama ilivyotakiwa na sheria ya 1967, kwa hivyo hati ya shamba zima bado ina jina la Kuka. Na mahali pa saini ya muuzaji pana alama ya kidole gumba.

Hoja ya baba mkubwa ilikuwa fupi. "Mzee alikuwa anatia saini tangu 1964, kila mtu anajua. Sasa hii gumba ni ya nani?" Tarehe kumi na tisa pande zote mbili zingekutana kwa chifu. Yeye alitaka kuandika taarifa yake palepale kwa kalamu ileile, watu waione kwa macho.

"Ekari ikirudi tunauza," aliniambia, "na wewe unarudi shule."

Kwa hivyo msomaji, usidhani nilikuwa na nia safi ya mwanahistoria. Nilitaka kalamu iandike.

*

Niliifungua mezani. Kalamu ya aina hii inafunguka katikati kwa kuzungusha. Ndani mna springi ndogo na ule mrija wa wino ambao wauza vifaa vya ofisi wanauita rifili. Mrija wa Kuka ulikuwa wa chuma, na wino umekauka kwenye ncha kama lami. Nilijaribu mbinu zote tulizofanya shule ya msingi: kuipasha moto kwa kiberiti, kuipuliza, kuichora kwa nguvu kwenye soli ya kiatu. Wapi.

Nikajaribu mrija wa Bic. Ule ni mwembamba mno, unacheza ndani kama ufito kwenye pipa, na ukibonyeza kitufe hautokezi. Siku iliyofuata nikaenda mjini. Duka la kwanza karibu na River Road nilimwambia muuzaji nataka rifili ya Parker ya zamani, akaniuliza, "Ni G2?" Nikasema ndiyo kwa sababu sikutaka kuonekana mshamba. Akanipa rifili ya Pilot G2. Nimefika nyumbani, ndefu mno, kalamu haifungi.

Hapo ndipo nilipoamua kusoma, manake pesa ilikuwa inaisha.

Tuanze na neno lenyewe. Ukimwambia Mkenya akuazime biro, unatamka jina la ukoo la mtu. László Bíró alizaliwa Budapest, Hungaria, mwaka 1899, na alikuwa mwandishi wa habari. Kalamu za nibu zilimchosha. Wino wake ulikuwa maji, ulichafua vidole na kuchelewa kukauka. Wino wa mashine za magazeti ulikauka upesi, lakini ulikuwa mzito, haupiti kwenye nibu. Yeye na ndugu yake György, aliyeijua kemia, wakatafuta njia ya kuupitisha: waliweka gololi ndogo kwenye ncha, ikizunguka inachota wino kwa ndani na kuupaka kwenye karatasi kwa nje. Bíró aliandikisha hataza mwaka 1938. Alikuwa Myahudi, na Hungaria ya wakati ule ilikuwa inatunga sheria dhidi ya Wayahudi. Akakimbia, akaishia Argentina, na tarehe 10 Juni 1943 akaandikisha hataza nyingine huko. Waargentina mpaka leo wanaiita kalamu hiyo *birome*. Jambo moja lililonifurahisha: kwa Kihungaria, neno *bíró* maana yake ni hakimu.

Wateja wake wa kwanza wakubwa walikuwa jeshi la anga la Uingereza, kwa sababu kalamu za nibu zilivuja ndege ikipanda juu. Kisha vita vikaisha na biashara ikaanza. Tarehe 29 Oktoba 1945, Mmarekani aitwaye Milton Reynolds aliweka kalamu yake ya gololi sokoni katika duka la Gimbels, New York, kwa dola 12.50. Siku hiyo moja ziliuzwa takriban 10,000. Kisha zikaanza kuvuja mifukoni mwa watu, na jina la kalamu ya gololi likaharibika. Mwishoni mwa mwaka 1950 Mfaransa Marcel Bich akaleta Bic Cristal, rahisi na isiyovuja, kalamu ya kutumia na kutupa. Kwetu Kenya Bic zilitengenezwa kwa miongo kadhaa na Haco, na ni vigumu kumpata mtu aliyesoma hapa ambaye hajawahi kutafuna mfuniko wake.

Parker walikuwa watu wa nibu. George Safford Parker alianzisha kampuni hiyo mwaka 1888 huko Janesville, katika jimbo la Wisconsin, Marekani. Waliona aibu ya Reynolds wakakaa pembeni karibu miaka kumi. Walipoingia, mwaka 1954, waliingia na Jotter, na ndiyo kalamu iliyokuwa mezani pangu. Jotter za kwanza zilikuwa na nusu ya chini ya nailoni yenye mifereji midogo, na kishikizo kisichokuwa na mshale. Mwaka 1957 waliweka gololi ya tungsteni kabaidi, ngumu kuliko chuma, yenye uso uliokwaruzwa kidogo ili ishike karatasi isiteleze. Mshale, ambao tayari ulikuwa alama ya kalamu zao za nibu, ulifika kwenye Jotter baada ya hapo.

Ndani yake kulikuwa na akili nyingine. Mkia wa rifili una meno madogo. Kila unapobonyeza kitufe, kalamu inaushika mkia huo na kuuzungusha kidogo, ili gololi isilike upande mmoja. Ndiyo maana rifili yoyote tu haiwezi kuingia, lazima mkia ulingane na kitufe. Na hapa ndipo bahati yangu ilipokuwa. Umbo hilo la rifili ya Parker halijabadilika. Lilienea mpaka likawa kipimo cha kimataifa, ISO 12757, na ndani ya kipimo hicho umbo la Parker linaitwa G2. Urefu ni milimita 98 hivi, na unene karibu milimita 6. Pilot waliipa kalamu yao ya jeli jina hilohilo, lakini ni vitu viwili visivyojuana. Muuzaji wa River Road hakunidanganya. Mimi ndiye niliyejibu swali nisilolielewa.

Kwa hivyo ukiwa na Jotter ya bibi yako ya mwaka 1960, rifili iliyotoka kiwandani wiki iliyopita itaingia. Hata kampuni nyingine nyingi zinatengeneza za umbo hilo. Pima kwa rula kabla ya kulipa. Na ukiwa unatia saini hati za kukaa miaka mingi, angalia kama rifili imeandikwa ISO 12757-2, ambayo ni kwa wino wa nyaraka, ule unaovumilia maji, mwanga na kufutwa.

Nilipata ya kwangu kwenye duka dogo la ghorofa ya pili, Biashara Street. Nikanunua mbili. Niliporudisha springi na kufunga, nikabonyeza, ikalia ile sauti yake, *tak*. Kalamu iliandika mstari mweusi bila kukatika. Kazi ilikuwa imeisha.

Ningeiacha hapo.

*

Niliamua kuisafisha, eti nimrudishie baba mkubwa iking'aa. Nikachukua mswaki wa zamani na dawa ya meno, nikasugua ukingo wa chuma pale nusu mbili zinapokutana. Uchafu wa miaka ulipotoka, maandishi madogo yakajitokeza kuzunguka ukingo: PARKER, kisha MADE IN UK, kisha herufi mbili zimekaa peke yake, CT.

Wapenzi wa Parker wanazijua herufi hizi. Mwanzoni mwa miaka ya themanini kampuni ilianza kuandika tarehe ya kutengenezwa kwa siri ndogo. Walichukua maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya kalamu bora, QUALITY PEN, ambayo kwa bahati yana herufi kumi zisizojirudia, wakaipa kila herufi tarakimu yake. Q ni sifuri, U ni moja, A ni mbili, L ni tatu, I ni nne, T ni tano, Y ni sita, P ni saba, E ni nane, N ni tisa. Hiyo ndiyo tarakimu ya mwisho ya mwaka. Herufi inayotangulia ni robo ya mwaka: E, C, L, I, kwa mpangilio huo. Kuanzia mwaka 1987 hivi wakaziacha herufi za robo na kutumia vijiti badala yake, kwa hivyo ukiona herufi mbili za namna hii unajua muongo ni ule wa themanini, kabla ya vijiti.

C ni robo ya pili. T ni tano. Kalamu ya Kuka ilitengenezwa Uingereza kati ya Aprili na Juni mwaka 1985.

Nilikaa nayo. Miaka ishirini na moja baada ya ofisa mzungu. Miaka kumi na minne baada ya karatasi ya jirani.

Nikajaribu kuiokoa hadithi, na nilijaribu kwa bidii kuliko nilivyowahi kufanya utafiti wowote chuoni. Nusu za Jotter zinabadilishana, kwa hivyo labda nusu ya juu ilipotea ikawekwa nyingine. Lakini nusu ya chini haikuwa ya miaka ya mwanzo pia, na hakuna aliyewahi kusikia Kuka akinunua kipande cha kalamu. Labda alikuwa na Parker nyingine kabla ya hii, ikapotea. Hilo linawezekana. Kalamu haiwezi kukuambia kwamba mtu hakuwa na kalamu nyingine. Inachoweza kusema ni kidogo: mimi sikuwepo.

Lakini hoja yote ya baba mkubwa ilikuwa kwamba ilikuwepo.

*

Nilisafiri tarehe kumi na saba, siku mbili mapema, nikapitia kwa Kukhu kwanza. Kukhu ni bibi yangu, mjane wa Kuka. Nilimkuta jikoni akipukuchua mahindi.

"Mulembe, Kukhu."

"Mulembe, mwana wanje. Imeandika?"

Nikampa. Aliibonyeza mara tatu akisikiliza sauti, kisha akaandika jina lake pembeni mwa gazeti, herufi za duara zilizosimama wima. Nilikuwa sijawahi kumwona Kukhu akiandika. Alisoma mpaka darasa la nne kwenye shule ya misheni ya Friends, kisha akaolewa.

"Kukhu," nikasema, "hii kalamu imetengenezwa mwaka themanini na tano."

Hakuinua kichwa. "Umejuaje?"

Nikamwonyesha herufi na kumweleza. Akahesabu kwa vidole.

"Themanini na nne ulikuwa mwaka wa mahindi ya manjano," akasema. Ni ile njaa ambayo serikali ilileta mahindi ya manjano kutoka ng'ambo, na watu wa rika lake hupima miaka kwayo. "Kuka wako alianza ngumbaru mwaka huo wa mahindi ya manjano. Akasoma misimu miwili, jioni, pale kanisani. Alipoweza kuandika jina lake lote bila kuangalia ubao, aliuza ndama akaenda Eldoret. Alirudi na hiyo."

Vijana wa umri wangu huenda hawajui ngumbaru. Yalikuwa madarasa ya watu wazima ya kusoma na kuandika. Kulikuwa na bodi ya elimu hiyo tangu miaka ya sitini, lakini msukumo mkubwa ulikuja mwaka 1979, serikali ya Moi ilipounda Idara ya Elimu ya Watu Wazima na kutangaza vita dhidi ya ujinga. Dunia inamkumbuka Mzee Kimani Maruge, aliyeingia darasa la kwanza Eldoret mwaka 2004 akiwa na miaka 84, na alistahili sifa zote. Kabla yake, miaka ishirini hivi, makanisa na shule za nchi hii zilijaa jioni watu wazima waliobanana kwenye madawati ya watoto, wakijificha wasionekane na wakwe zao.

Na kujificha kulikuwa na sababu. Kuanzia mwaka 1920 serikali ya kikoloni ilimlazimisha kila mwanamume Mwafrika mwenye miaka kumi na sita na zaidi kubeba kipande, karatasi yenye alama za vidole vyake, ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inia shingoni. Baba yake Kuka alikibeba. Mzungu aliandika jina lake, Mwafrika akapakwa wino. Kwa hivyo mtu wa kizazi cha Kuka aliposimama mbele ya meza mwaka 1964, chini ya bendera mpya, na kuambiwa alete kidole, hakikuwa kidole tu. Alikuwa anapewa ardhi kwa ishara ileile ambayo baba yake alifungwa nayo.

"Kwa hivyo siku ya shamba aliweka gumba," nikasema.

"Wote waliweka gumba. Mimi nilikuwa nimesimama nje na mtoto mgongoni. Alitoka anajifuta kwenye suruali, suruali yenyewe mpya. Sikumsemesha mpaka tukafika."

"Na hadithi ya kutoa kalamu?"

Kukhu akacheka, kisha akanyamaza kidogo. Alisema Kuka hakudanganya, si mwanzoni. Alipopata kalamu alikuwa akiwaambia wajukuu: siku ile ningekuwa na hii kalamu, ningeitoa mfukoni, ningetia saini mbele ya yule mzungu. Aliisema kila Krismasi. Watoto wakaipenda. Akazeeka, wakaisimulia wenyewe.

Nimeifikiria sana habari hiyo tangu siku ile. Ningetoa, nilitoa. Kwa Kiswahili tofauti ni silabi moja, na haikuhitaji mtu mwongo kuidondosha. Ilihitaji tu watu wanaompenda mzee.

"Na karatasi ya jirani, ya sabini na moja?"

"Ni kidole chake," Kukhu akasema. "Mimi ndiye niliyeshika taa."

Nikamwuliza kwa nini hakusema muda wote huo. Akanitazama kama nimeuliza kwa nini mvua inanyesha.

"Nani aliniuliza? Na ningesimama matangani niseme mume wangu hakujua kuandika?"

*

Jioni ya tarehe kumi na nane nilimpelekea baba mkubwa kalamu yake. Akaijaribu kwenye kiganja, akafurahi, akanishukuru kwa dhati. Nilimwambia pale pale, kwa sababu nilijijua: nikilala nayo ningeamka na sababu nzuri za kunyamaza. Nilikuwa na ada ya muhula mzima ndani ya ile ekari.

"Baba mkubwa, hii kalamu ni ya mwaka themanini na tano. Imeandikwa hapa."

Akaivuta karibu na macho, akaisogeza mbali. Akaiweka mezani.

"Mimi nilikuomba wino," akasema. "Sikukuomba historia."

Kesho yake tulikaa kwenye viti vya plastiki nje ya ofisi ya chifu, sisi upande mmoja, mtoto wa jirani na mama yake upande mwingine. Baba mkubwa akaanza vizuri. Akaeleza shamba, akaeleza mwaka 1964, akatoa kalamu mfukoni na kuiinua. Chifu aliitazama kwa heshima. Mimi nilikuwa naangalia viatu vyangu, na sitajisifu hapa: sikufungua mdomo.

Kukhu ndiye aliyeomba nafasi. Alisema akiwa ameketi, bila kumtazama mtu yeyote zaidi ya mwanawe.

"Sabini na moja uliitwa Form One. Hatukuwa na pesa. Baba yako aliuza hiyo ekari kwa huyu jirani, akaweka kidole, na siku ya tatu ukaenda shule na sanduku jipya. Hiyo ekari ulishaisoma, mwanangu. Haiwezi kurudi."

Hakuna aliyesema kitu. Mama wa upande wa pili alianza kulia polepole, na nadhani hakuwa akilia kwa ajili ya shamba.

Sijui kama baba mkubwa alikuwa amesahau kweli. Alikuwa na miaka kumi na minne wakati huo, umri wa kukumbuka sanduku jipya. Labda alijua ada ilitoka mahali na hakuwahi kutaka kujua ni wapi. Simlaumu. Mimi niliyeacha chuo najua namna mtu anavyoweza kuishi miaka bila kupiga hesabu ya nani alilipa nini.

Chifu akaandika makubaliano mapya: kwamba mauzo ya 1971 yanatambuliwa, na kwamba familia itaandamana na jirani kwenye bodi ya ardhi ili sehemu hiyo ikatwe rasmi. Alipomaliza akatafuta kalamu ya kupitisha kwa watu watie saini. Baba mkubwa alikuwa bado ameshika ile Parker. Alikaa nayo kidogo, akaibonyeza, akatia saini yake ndefu ya mtu aliyesoma. Kisha akampa mama yake. Kukhu akaandika jina lake lote kwa zile herufi za duara. Kutoka kwake ikavuka kwenda upande wa pili.

Yule mama wa jirani alisita. Akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye hajui kuandika.

Chifu akafungua droo kutafuta kidau cha wino. Kukhu akavuta kiti chake karibu na yule mama, akampa kidole chake cha mkono wa kushoto akishike wakati kinapakwa, na baadaye akamfuta kwa ncha ya leso yake.

Sikurudi chuo. Kalamu iko kwenye kabati la Kukhu, ndani ya bakuli la sukari lisilotumika, pamoja na ile rifili ya pili ambayo bado haijafunguliwa. Nimeandika kwenye bahasha yake, kwa atakayekuja kuihitaji: Parker, G2, milimita 98, si Pilot. Na chini yake nikaandika mwaka, 1985.